Injini Mpya Katika Gari Kuukuu

Wahenga waliacha methali mbili ambazo hazipatani. Moja husema kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Ya pili husema kwamba ya kale ni dhahabu. Mwenye kufuata ya kwanza hutupa chombo mara kinapochakaa. Mwenye kufuata ya pili hukihifadhi hata kinapokuwa hakifai kazi yoyote. Kati ya hao wawili hutokea mtu wa tatu, ambaye aghalabu huwa maskini na fundi kwa pamoja. Yeye hukitazama chombo kikuukuu, akatambua iliyokufa ni sehemu gani na iliyo hai ni ipi, kisha akaing'oa ile iliyokufa na kutia mahali pake kiungo kilichotoka katika chombo kingine. Mshona nguo hufanya hivyo, na mjenzi wa nyumba, na mwunda mashua. Katika mambo ya magari, mfano ulio dhahiri ni ule wa vijana wa California, nchini Marekani, ambao tangu miaka ya 1930 walitia injini mpya katika magari ya zamani kwa fedha haba.

Habari za vijana hao husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mbio na kelele. Lakini ndani yake mna jambo kubwa kuliko mbio. Zinaonyesha jinsi nguvu iliyokuwa ya matajiri ilivyowafikia watu wasio na mali, si kwa kugawiwa bali kwa kujua kuunganisha. Zinaonyesha pia gharama ya kuunganisha vibaya. Maana injini yenye nguvu katika gari lisilo na breki za kuifaa ni deni, na deni la namna hiyo hulipwa kwa roho za watu.

Injini ya silinda nane, zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V, haikuwa ngeni. Cadillac ilianza kuiuza katika mwaka 1914. Walakini lilikuwa gari la wenye nacho. Mtu wa kawaida aliendesha Ford ya Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata mwaka 1927, ikapita idadi ya magari milioni 15. Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu ya farasi 20 tu. Ilifuatwa na Model A, yenye silinda nne vile vile na nguvu ya farasi 40. Magari hayo yalikuwa mepesi, yenye umbo jembamba na fremu nyepesi. Yaliweza kufunguliwa kwa spana chache, na yalienea hata vijijini.

Katika mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, na viwanda vikawa na magari bila wanunuzi. Wakati huo Henry Ford aliwaweka wahandisi wachache mahali pa faragha, Greenfield Village huko Dearborn, wamtengenezee injini ya V yenye silinda nane ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Ugumu wake ulikuwa katika kusubu. Injini za V za zama zile ziliundwa kwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na kila kipande kiliongeza bei. Ford alitaka pande lote lisubiwe kwa mara moja. Mapande mengi ya mwanzo yalitoka na kasoro yakatupwa, lakini kazi haikuachwa. Tarehe 31 Machi, 1932, gari jipya lilitangazwa. Injini yake ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu ya farasi 65, na gari lake la wazi liliuzwa dola 460, yaani dola 50 tu zaidi ya gari la aina hiyo hiyo lenye silinda nne.

Bei hiyo ilikuwa nafuu kwa mwenye kazi, bali kwa kijana asiye na kazi ilikuwa mlima. Hata hivyo gari huanza kuzeeka siku ile linapotoka dukani, na mengine hugongwa kabla ya kuzeeka. Gari lililogongwa nyuma au lililopinduka huenda likaharibika umbo lote, ilhali injini yake ni nzima. Basi haikupita miaka mingi baada ya mwaka 1932 kabla ya injini za V8 kuonekana katika viwanja vya magari mabovu, na bei yake ikawa sehemu ndogo sana ya bei ya gari. Upande wa pili, magari ya Model T na Model A yalikuwa yameanza kudharauliwa. Kila aliyeweza alitaka kubadili, na aliyeuza hakudai kikubwa. Hivyo vitu viwili vilivyokataliwa vilikutana mikononi mwa kijana mmoja: injini iliyopoteza gari na gari lililopoteza heshima. Kila kimoja kilikuwa na upungufu, na kila kimoja kilikuwa na kile alichokosa mwenziwe. Gari jepesi lilipewa nguvu iliyokusudiwa gari zito zaidi, na matokeo yake yakawashinda mwendo watu walionunua magari ya bei kubwa.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba injini hutolewa moja na kuwekwa nyingine, kama taa inavyotolewa utambi. Sivyo. Injini ya V8 ilikuwa fupi kuliko ile ya silinda nne, lakini ilikuwa pana, na viegemeo vyake havikulingana na matundu ya fremu ya zamani. Ilibidi fundi akate, apinde na kuchomelea viegemeo vipya, akipima kwa uangalifu ili injini isielekee upande. Maji yake yalipita katika njia mbili, moja kwa kila safu ya silinda, ilhali rejeta ya Model A ilikuwa na mdomo mmoja juu na mmoja chini. Aliyeisahau habari hiyo aliona maji yakichemka kabla hajafika mbali, na hasa kwa kuwa katika injini hiyo njia za moshi zilipita ndani ya pande la chuma lenyewe na kulizidishia joto. Wengine waliona ni afadhali kutafuta fremu ya mwaka 1932, iliyokuwa imara zaidi na iliyotengenezwa kuichukua injini ile, kisha kuweka juu yake umbo la Model A. Hii ndiyo hekima ya kwanza ya kazi hii: asiye na fedha nyingi huchagua vitu vilivyo na udugu, ili mkono wake upate kazi ndogo ya kuvipatanisha.

Hekima ya pili ilikuwa katika breki. Magari ya Ford yalitumia breki za fimbo na vyuma vya kuvuta hadi kampuni ilipoingiza breki za mafuta katika magari ya mwaka 1939. Breki za fimbo zilitosha gari la nguvu ya farasi 40 katika barabara isiyo na magari mengi. Lakini gari lile lile lilipotiwa injini yenye nguvu maradufu, dereva alikanyaga na gari likaendelea na safari yake. Mafundi wenye busara walizitafuta breki za mwaka 1939 na za miaka iliyofuata, wakazifunga katika magari ya zamani. Walilichukua na giaboksi la mwaka huo, maana lilisifiwa kwa wepesi wa kubadili gia. Wasio na busara walitumia fedha yao yote kwa injini, wakasema kwamba breki zitafuata baadaye. Kwa wengine baadaye hiyo haikufika.

Mahali pa kujipima palikuwa jangwani. Katika jangwa la Mojave pana maziwa yaliyokauka, ambayo ardhi yake ni tambarare na ngumu kama sakafu. Ziwa la Muroc lilipendwa kuliko yote. Vijana walikwenda huko toka Los Angeles katika magari yale yale waliyoyatengeneza, wakaondoa taa na kioo cha mbele, wakakimbia kwa kupimwa na saa, kisha wakayarudishia na kurejea nyumbani. Mwanzoni palikuwa na fujo, kwani magari mengi yalikimbia pamoja na vumbi la aliyetangulia lilimfunika aliyefuata. Kwa sababu hiyo vilabu kadhaa viliungana katika mwaka 1937, vikaanzisha chama cha Southern California Timing Association, ambacho kiliweka kanuni, kikakagua magari na kuandika mwendo wa kila mmoja. Vijana waliohesabiwa kuwa wakorofi walijitungia sheria wenyewe kabla ya serikali kuwatungia.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, mbio za jangwani zilikoma. Jeshi lilijitwalia Muroc, na leo ziwa hilo ni sehemu ya kituo cha jeshi la anga cha Edwards. Vijana wengi walikwenda vitani, na vita vikawafunza ufundi usiopatikana mitaani: kukereza chuma, kuchomelea, na kutunza injini za ndege. Waliporudi walikuwa na ujuzi, na wengine walikuwa na akiba kidogo ya mshahara. Magari mapya yalikuwa adimu, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimeacha kutengeneza magari ya raia wakati wa vita. Basi gari kuukuu lilipata thamani nyingine, na kutia injini kukawa si mchezo wa wachache tena, bali desturi ya kizazi.

Hapo ndipo deni lilipodaiwa. Jangwa lilikuwa mbali, na barabara za mji zilikuwa karibu. Mashindano ya usiku yakazidi, na ajali zake zikawapata hata watu wasiohusika. Magazeti yaliwalaani, na polisi wakaliona kila gari lililopunguzwa umbo kuwa dalili ya uhalifu. Kama mambo yangeachwa hivyo, huenda kazi yenyewe ingalipigwa marufuku. Watu wa ndani ndio walioiokoa. Mnamo Januari 1948 Robert Petersen na Robert Lindsay walitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, wakaliuza kwa senti 25. Jarida hilo lilieleza kazi kwa picha na vipimo, hata kijana aliyekaa mbali na California akaweza kujifunza viegemeo na breki pasipo kujifunza kwa ajali. Katika mwaka 1951 mhariri wake, Wally Parks, alishiriki kuanzisha chama cha National Hot Rod Association, ambacho nia yake ilikuwa kuzitoa mbio barabarani na kuzipeleka mahali palipotengwa, pamoja na ukaguzi wa magari. Hoja yao ilikuwa rahisi. Kijana hatazuiwa kupenda mwendo. Basi na apewe mahali pa kukimbilia na mtu wa kumkagua.

Wakati huo huo injini mpya zilikuwa zikitokea. Ford ya V8 iliweka vali zake ubavuni mwa silinda. Mwaka 1949 Cadillac na Oldsmobile zilileta injini za V8 zenye vali juu, ambazo zilivuta pumzi vizuri zaidi. Ile ya Cadillac ilitoa nguvu ya farasi 160, na ile ya Oldsmobile 135. Chrysler ikafuata katika mwaka 1951 na injini ya nguvu ya farasi 180. Udugu ule wa Ford kwa Ford ukavunjika, kwa kuwa injini ya kampuni moja haikukubali giaboksi la kampuni nyingine. Zaidi ya hayo, propela ya Ford za zamani ilikuwa ndani ya bomba lililoshikamana na giaboksi, na mwenye kuliacha giaboksi hilo alilazimika kubadili vitu vyote mpaka difu ya nyuma. Warsha ndogo ndogo zikatengeneza mabamba ya chuma yenye matundu ya namna mbili: upande mmoja yalilingana na injini ngeni, na upande wa pili giaboksi la Ford. Bamba hilo lilikuwa kama mkalimani kati ya watu wasiosikilizana. Lakini mkalimani hawezi kumwongezea nguvu aliye dhaifu. Gia za Ford, zilizofanywa kwa nguvu isiyozidi farasi mia, zilivunjika meno mara kwa mara.

Viwanda vikubwa viliyatazama mambo haya kwa dharau, isipokuwa watu wachache. Mmoja wao alikuwa Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Kirusi, aliyeajiriwa na General Motors katika mwaka 1953. Yeye aliijua kazi ya mitaani, kwa sababu hapo kwanza alikuwa ametengeneza vichwa vya silinda vya kuibadili Ford V8 iwe na vali juu. Mwezi wa Desemba 1953 aliwaandikia wakubwa wake waraka kuhusu vijana. Alieleza kwamba majarida yao yamejaa Ford toka jalada hata jalada, na kwamba kijana anayeanza na Ford mbovu hupanda hadi Ford iliyotumika, na mapato yake yakiongezeka hununua Ford mpya. Alishauri kwamba Chevrolet, iliyokuwa ikitayarisha injini mpya ya V8, iwapatie vijana vifaa vya kuiongezea nguvu. Waraka huo una maana kubwa katika historia hii. Mtu wa kiwandani alitambua kwamba maskini wa leo anayenunua chuma chakavu ndiye mnunuzi wa kesho, na kwamba moyo wake huchukuliwa mapema, wakati mfuko wake ungali mtupu.

Injini hiyo, iliyosimamiwa na Ed Cole, ilitokea katika magari ya mwaka 1955. Ilikuwa na ujazo wa lita 4.3 na nguvu ya farasi 162. Ilikuwa ndogo kwa umbo, nyepesi kwa injini ya nguvu hiyo, na rahisi kutengenezwa kwa wingi. Sifa hizo zilikuwa ndizo hasa alizozitaka mtia injini. Ilibaki taabu ya kawaida: distribyuta yake ilikuwa nyuma, ikagusana na bati la mbele ya dereva katika magari membamba, na umeme wake ulikuwa wa volti 12 ilhali magari ya zamani yalikuwa na volti 6, kwa hiyo betri, taa na vipimo vilibadilishwa. Lakini kwa kuwa injini hiyo ilitengenezwa kwa mamilioni, vipuri vyake vilikuwa kila mahali, na ikaiondoa Ford V8 hata ndani ya magari ya Ford yenyewe. Uzao wake ulienea mno. Katika mwaka 2011 General Motors ilitangaza kwamba injini ya ukoo huo ya milioni 100 imetengenezwa.

Baadaye pakatokea kizuizi cha namna nyingine. Moshi wa magari ulikuwa umeichafua hewa ya miji, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikavilazimisha viwanda kuupunguza. Kabureta ikaondoka, na kompyuta ikapewa amri ya kupima hewa, petroli na cheche. Tangu magari ya mwaka 1996 kila gari jipya la Marekani lilitakiwa kuwa na mtambo wa kujikagua moshi wake. Wazee wengi wa kazi hii walisema kwamba mlango umefungwa. Fundi aliyezoea spana atafanya nini mbele ya kompyuta? Ikaonekana kuwa mlango haukufungwa, bali ulihamishwa. Mwaka 1997 Chevrolet ilitoa injini mpya ya alumini katika gari la Corvette, na kuanzia magari ya mwaka 1999 ndugu zake wa chuma cha kusubu, wa lita 4.8 na 5.3, wakatiwa katika magari ya mizigo yaliyouzwa kwa wingi mno. Yale ya lita 5.3 yalitoa nguvu ya farasi 270, zaidi ya mara nne ya Ford ya mwaka 1932. Magari ya mizigo nayo hugongwa. Basi yakarudi yale yale ya awali: uwanja wa magari mabovu, injini nzima, na kijana mwenye fedha kidogo. Safari hii aliondoka na injini pamoja na waya zake zote na kompyuta yake. Akajifunza kuitoa katika kompyuta ile amri ya kuzuia wezi, na kutia pampu ya petroli yenye msukumo mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kabureta.

Sheria nayo haikukataa kazi hii, bali iliiwekea masharti. Katika California, gari ambalo bado hukaguliwa moshi likibadilishwa injini, injini inayotiwa haina budi kuwa ya mwaka ule ule wa gari au ya mwaka wa baadaye, pamoja na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi. Kwa sharti hilo gari kuukuu lililotiwa injini mpya huenda likatoa moshi mchache kuliko lilivyotoa lilipokuwa jipya.

Ikitazamwa hesabu ya fedha katika nyakati zote hizo, jambo moja halibadiliki. Bei ya injini ni mlango tu. Nyumba iko ndani. Katika mwaka 1936 iliyokula fedha ilikuwa rejeta, viegemeo na breki. Katika mwaka 1956 ni bamba, giaboksi na umeme. Katika miaka hii ni waya, kompyuta na pampu. Aliyehesabu injini peke yake aliliacha gari uani bila kumalizika, na viwanja vya watu vimejaa magari ya namna hiyo. Aliyefaulu ni yule aliyenunua gari zima lililogongwa, akatwaa kila alichohitaji, akauza kilichobaki. Huyo hakushinda kwa fedha, bali kwa kujua mapema vitu gani vitadaiwa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatauona mkasa huu kuwa wa mbali. Katika barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, na katika Gerezani ya Dar es Salaam, injini zilizotumika huuzwa, nyingi zikiwa zimetoka Japani; na fundi hujua kumtia mgeni katika gari la mwenyeji. Desturi yake haikutoka California. Imetokana na shida ile ile na akili ile ile. Lakini California imeandika yake, kwa majarida, nyaraka na orodha za mwendo, hata mafanikio na vifo vyake vinaweza kusomwa. Ujuzi wa fundi wa huku ungali zaidi mikononi na vinywani, na kila fundi mzee anapozikwa, sehemu ya chuo huzikwa naye.

Basi zile methali mbili za mwanzo hupatanishwa na kazi hii. Kipya ni kinyemi, lakini hakiwezi kusimama peke yake; kikitiwa mahali pasipokitayarishia huua. Ya kale ni dhahabu, lakini dhahabu isiyofuliwa haivaliki. Kilichowapa vijana wale ushindi si injini wala gari, bali vile vilivyo kati ya injini na gari: kiegemeo, bamba, bomba la maji, waya na breki. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mtazamaji wa barabarani havioni, na ndivyo vinavyomrudisha dereva nyumbani salama.